Tupande na Majani

Kila masika yanapokaribia, nchi hii hupanda miti. Shule hugawiwa miche, zahanati hugawiwa, ofisi za vijiji hugawiwa, na mgeni rasmi hupigwa picha ameshika jembe ambalo halijagusa tope. Mti una siku yake ya kitaifa na bajeti yake. Majani hayana chochote, na mgeni rasmi wa kusia mbegu za nyasi bado hajazaliwa. Kwa maeneo mengi ya Tanzania huenda hilo lisiwe kosa kubwa. Kwa Momela ni kosa. Katika ukanda ulio kati ya maziwa ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha na mashamba ya nyanya na vitunguu ya Ngarenanyuki, kinachopungua zaidi, kwa wanyamapori na kwa ng'ombe vilevile, ni nyasi ndefu za asili zilizoachwa zikakomaa. Nyasi hizo hazitarudi zenyewe kwa kusubiriwa. Inabidi zipandwe kwa makusudi, kama yanavyopandwa maharage, na zipandwe na wanakijiji juu ya ardhi inayobaki kuwa yao.

Momela ni nchi iliyotokana na maporomoko. Miaka ipatayo 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru ulibomoka, na mawe, matope na majivu yakashuka hadi tambarare. Vilima vidogovidogo tunavyoviona leo ni mabaki ya maporomoko hayo, na mabonde yaliyobaki kati yake ndiyo yaliyojaa maji ya chini ya ardhi yakawa maziwa: Momela Kubwa na Momela Ndogo, Rishateni, Lekandiro, Tulusia na mengine. Udongo huu wa majivu una rutuba, lakini ni mwepesi. Ukiachwa wazi, upepo huubeba na mvua huusomba. Na mvua yenyewe haigawanywi sawa. Mlima wa zaidi ya mita 4,500 huikinga, ndiyo maana mteremko wa kusini, kutoka Tengeru hadi juu ya Usa River, una migomba na kahawa, huku upande wa kaskazini mashariki ukipata kilichobaki. Mche wa mti uliopandwa Aprili upande huo hukutana na miezi mikavu kabla mizizi yake haijafika mbali. Shina la nyasi halina shida hiyo: hukauka juu, hulala chini, huamka na vuli.

Hifadhi ilianza mwaka 1960 ikiitwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 ilikwishaunganishwa na maziwa ya Momela na mlima wenyewe, ikachukua jina la Arusha. Leo ina kilometa za mraba 552. Serengeti ina zaidi ya 14,700. Na hizo 552 zenyewe kwa sehemu kubwa ni msitu, miamba na kilele, mahali ambapo pundamilia hana la kufanya. Twiga, fahari ya Momela kwenye picha za watalii, anakula miti na kwa hiyo hasumbuki sana. Wanaotegemea majani ni nyati, pundamilia, kuro, ngiri na tohe, na wao wamebaki na uwazi mdogo: Serengeti Ndogo karibu na lango la Ngurdoto, kingo za maziwa, na vipande kati ya vichaka. Ukivuka mpaka, unakuta shamba, au malisho yaliyoliwa hadi udongo unaonekana. Udongo ulio wazi hauachwi wazi muda mrefu. Gugu karoti, lililoripotiwa mkoani Arusha mwaka 2010, limeenea kando ya barabara na kwenye malisho yaliyochoka. Ng'ombe hulikwepa, na akilila kwa njaa maziwa yake huwa machungu. Gugu hilo hupenda mahali palipoachwa tupu. Pale ambapo nyasi zimesongamana, hukosa mwanga na nafasi.

Kwa nini nyasi ndefu, wakati ng'ombe na swala hupenda majani machanga? Jibu la zamani na bora zaidi lilitolewa na mtu aliyeifahamu Momela vizuri, Desmond Vesey-FitzGerald, mwanaikolojia wa hifadhi za taifa aliyefanya kazi hapa na ambaye kitabu chake kuhusu nyika za majani za Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1973. Mwaka 1960 alikwishachapisha maelezo ya alichokiona katika bonde la Rukwa: wanyama wakubwa, tembo na nyati, huingia kwanza kwenye majani marefu na magumu, wakayala na kuyakanyaga, na nyuma yao wadogo wakapata machipukizi ambayo wasingeyafikia. Mwaka 1971 R. H. V. Bell alieleza mpango unaofanana huko Serengeti. Pundamilia, ambaye tumbo lake linaweza kupitisha mashina mengi yasiyo na lishe kubwa, hutangulia. Nyumbu humfuata kwenye majani. Swala tomi huja mwisho na kuchagua vilivyobaki karibu na ardhi. Eneo lenye majani mafupi peke yake ni ngazi iliyong'olewa vipago vya juu. Wadogo wataendelea kuwapo kwa muda, lakini nyati na pundamilia watatafuta tumbo lao kwingine, na kwingine huko kwa Momela ni shambani kwa mtu.

Halafu kuna wale wasiokula majani lakini hawawezi kuishi bila urefu wake. Tohe hujilaza mchana kutwa ndani ya nyasi na hakurupuki mpaka umkaribie kabisa. Mondo huwinda humo kwa masikio, akimsikiliza panya asiyemwona, kisha anaruka juu na kumwangukia; mkulima mwenye ghala la mahindi angepaswa kumheshimu kuliko anavyomheshimu paka wake. Kwale na kanga hutaga chini kwenye vishada. Kweche dume, yule ndege mweusi mwenye mkia mrefu wakati wa mvua, hujionyesha kwa majike juu ya majani yaliyosimama, na kweche wa Jackson, wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, hutengeneza kiwanja cha duara kukizunguka kishada kimoja, akarukaruka humo akisubiri kuchaguliwa. Majani yakilishwa mpaka chini, kiwanja hakipo na harusi haipo. Panzi, vipepeo, buibui na mijusi wako chini ya wote hao, nao pia hupungua pale ambapo kila kitu kimeliwa hadi usawa wa kwato.

Anayedhani nyasi iliyolimwa itajirudia yenyewe angetazama Marekani. Katikati ya nchi ile palikuwa na nyika ya majani marefu kuliko mtu, na baada ya John Deere kutengeneza plau ya chuma cha pua mwaka 1837, vizazi vichache tu vilitosha kuigeuza mashamba ya mahindi. Leo imebaki chini ya asilimia 4. Nyasi kuu ya nyika hiyo, inayoitwa andropogoni, husimama kwa mita mbili na mizizi yake huenda chini kiasi hicho au zaidi. Kilichochukua karne nyingi kujengwa chini ya ardhi hakikurudi kwa sababu mkulima alihama. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianza kuipanda upya katika miaka ya 1930, kwa mikono, kwenye shamba lililochoka, na tangu mwaka 1985 serikali yao huwalipa wakulima waache sehemu ya ardhi wakapande nyasi za kudumu. Tunaweza kuwaachia Wamarekani bajeti yao. Linalotuhusu ni kwamba walifika mahali pa kununua mbegu ya kitu ambacho babu zao walikifyeka bure. Sisi hatujafika huko. Ndugu wa andropogoni wao bado wanaota kwetu, tena wa ukoo huohuo mkubwa unaojumuisha mahindi, mtama na muwa: ndio themeda, ile nyasi inayogeuka rangi ya shaba ikikomaa, na hiparenia, ile inayoezekewa nyumba. Panikamu, inayopenda kivuli cha migunga, ni ya ukoo mwingine lakini nayo ni mwenyeji.

Uenyeji huo si suala la uzalendo. Panikamu na ndugu zake wa Kiafrika walipelekwa Amerika, Australia na visiwa vya Pasifiki kama malisho, na huko wamekuwa balaa: hiparenia imeenea Brazili, senkrasi imevamia jangwa la Arizona. Majani ni yaleyale. Kilichokosekana ni walaji wake, wadudu wake na mpangilio wa moto yaliouzoea. Hapa Momela wote hao wapo. Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono wazo, linalotolewa mara kwa mara kwa nia njema, la kujaza kingo za hifadhi mbegu chotara za brakiaria, ambazo asili yake ni Afrika lakini zilichanganywa na kuboreshwa nchini Kolombia kabla ya kurudishwa kwetu katika mifuko. Chotara hizo ni nzuri karibu na banda la ng'ombe wa maziwa, kama yalivyo mabingobingo. Ukingo wa hifadhi unahitaji mchanganyiko: nyasi inayochelewa, inayowahi, inayostahimili nyati, inayoacha mbegu ndogo kwa ndege.

Mkazi wa Ngarenanyuki akisikia haya ana maswali, na mengi ni ya haki. La kwanza ni moto. Kuanzia Agosti hadi vuli, majani marefu yaliyokauka huwaka kwa miali mirefu kuliko anayejaribu kuizima, na Mlima Meru umekwishaungua mara nyingi kiasi kwamba hakuna haja ya kumweleza mtu wa hapa moto ni nini. Mfano mbaya kabisa wa karibuni ni wa Hawaii, Agosti 2023, ambapo mji wa Lahaina uliteketea na watu wapatao 100 wakafa. Moto ulienea kupitia nyasi za asili ya Afrika zilizokuwa zimejaa kwenye mashamba ya miwa yaliyotelekezwa. Neno la kuangalia hapo ni kutelekezwa. Majani yale hayakuwa na mlaji wala mkataji. Themeda, kwa tabia yake, haivumilii kuachwa: ikikaa miaka kadhaa bila kuliwa, kukatwa wala kuungua, majani yake makavu huifunika na kuisonga, na shina hufa. Kwa hiyo anayeipanda analazimika kuikata, na akiikata Juni au Julai, kabla ya upepo wa kiangazi, amepata malisho na ameondoa kuni za moto kwa kazi moja. Mapito ya kuzuia moto kati ya kipande na kipande yanabaki kuwa lazima, na kijiji kisichoweza kuyasafisha kisianze.

Swali la kupe ni gumu kuliko la moto, ingawa huulizwa kwa sauti ndogo. Kupe wa masikio, anayeeneza ndigana kali, hupanda juu ya jani refu na kungoja mnyama apite. Na nyati hubeba vimelea vya ugonjwa huo bila wenyewe kuugua. Kipande cha majani marefu kinachotumiwa na nyati usiku na ndama mchana ni mahali pa kuzikia ndama. Hapa sioni njia ya katikati: majani haya yakatwe, yakaushwe juani na yabebwe hadi zizini, mifugo isiingizwe humo. Kazi hiyo inajulikana. Kwenye miteremko ya kusini ya Meru, ng'ombe wa maziwa wanafugwa ndani na majani hubebwa hadi kwao kila siku, mara nyingi kichwani mwa wanawake. Josho na chanjo ya ndigana vitahitajika bado, kama vinavyohitajika sasa. Na nyoka? Wapo. Majani marefu yasipandwe uani, wala kando ya njia ya watoto wa shule, wala njia ya kisimani. Hilo halihitaji utafiti.

Wapo pia wahifadhi watakaopinga kutoka upande wa pili, nao wana mfano mzuri usio mbali na Momela. Kaskazini mwa Mlima Meru, kwenye tambarare kavu ya Angyata Osugat, anaishi kipozamataza wa Beesley, ndege mdogo wa ardhini asiyepatikana kwingineko duniani na ambaye idadi yake ni ndogo mno. Ndege huyu anataka majani mafupi, yaliyolishwa na ng'ombe na mbuzi wa Wamaasai. Mpe themeda ya kiunoni na umemfukuza kwenye makazi yake ya mwisho. Pingamizi hili nalikubali lote. Linapunguza eneo la hoja yangu bila kuivunja, maana hakuna anayetaka nyasi za urefu mmoja kuanzia Oldonyo Sambu hadi Leguruki. Majani marefu ni kwa ajili ya upande wa mashariki wenye umande wa mlima na maziwa: kwenye matuta, kingo za makorongo, hifadhi ya barabara na mipaka ya mashamba, huku nyanda fupi za kaskazini zikiachwa fupi, na zikiachiwa wafugaji walezi wake.

Mkulima wa nyanya ataongeza kwamba tunamkaribishia wageni. Kwa kiasi fulani ni kweli. Nguruwe pori hupenda kichaka kinene jirani na mahindi, kwa hiyo kati ya majani na shamba lazima ubaki uwanja mpana uliofyekwa chini, ambao mnyama hapendi kuuvuka akionekana. Kuhusu kwelea kwelea, hofu ni kubwa kuliko kisa. Chakula chao cha kwanza ni mbegu ndogo za nyasi za porini. Hugeukia mtama, mpunga na ngano pale mbegu hizo zinapokwisha. Na kwelea hana habari na nyanya, vitunguu wala maharage, ambavyo ndivyo vinavyojaza malori ya Ngarenanyuki.

Pingamizi kubwa, hata hivyo, halihusu wadudu wala ndege. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, yaani Ngarenanyuki hiihii. Nyumba zilichomwa, mifugo ilikufa, watu wakaelekezwa King'ori, kwenye nchi ya joto waliyoikataa. Sababu iliyotolewa, kwa kufuata mapendekezo ya tume ya Jaji Wilson ya miaka michache kabla, ilikuwa kuunganisha mashamba ya walowezi upande wa kaskazini na mashariki wa mlima ili Wazungu wafuge ng'ombe. Yaani ardhi ilichukuliwa kwa ajili ya majani yake. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akaeleza kesi ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Nyerere kufika huko kwa mara ya kwanza. Earle Seaton, mwanasheria aliyefanya kazi Moshi, alikuwa bega kwa bega naye, na baadaye wawili hao waliandika kitabu juu ya kesi hiyo. Umoja wa Mataifa haukuirudisha ardhi wakati ule, lakini jina la Engare Nanyuki likaingia katika historia ya kudai uhuru wa Tanganyika. Kisha ikaja hifadhi, na mipaka yake, na upanuzi wake. Mtu akisimama leo katika mkutano wa kijiji na kusema tuache majani yakue marefu kwa ajili ya wanyamapori, swali litakalomjia ni moja: kwa ajili ya nani? Anayelikasirikia swali hilo hajui amesimama wapi.

Ndiyo maana nasisitiza umiliki kabla ya mbegu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kupanga matumizi ya ardhi yake na kutoa hati miliki za kimila, hata kwa kikundi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya jamii mwaka 2011, na hati hiyo imewasaidia kulinda ardhi yao bila kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha pia sheria ya maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo. Nyenzo zipo. Vipande vya majani marefu vya Momela viandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi kama malisho ya kijiji, kwa jina la kijiji au la kikundi, na isiandikwe popote kwamba ni shoroba, buferi au jina lolote ambalo kesho linaweza kuhamishiwa kwa mamlaka nyingine. Wanyama hawasomi ramani. Watatumia majani ya kijiji sawasawa na ya hifadhi. Wapo maofisa watakaoona kwamba bila hadhi ya kisheria ya uhifadhi vipande hivyo vitalimwa ndani ya miaka mitano. Labda. Lakini vipande vyenye hadhi hiyo visivyotakiwa na wenyeji vitachomwa ndani ya mwaka mmoja.

Kitakachovizuia kulimwa ni faida. Mwaka 2005 kampuni kadhaa za utalii zilikubaliana na kijiji cha Terrat, Simanjiro, kukilipa shilingi milioni 5 kwa mwaka ili nyika ambako nyumbu wa Tarangire huzalia isilimwe wala kujengwa makazi, huku ufugaji ukiendelea kama kawaida. Nyasi za Simanjiro ni fupi na kiasi hicho hakikuwa kikubwa, lakini kilithibitisha kwamba majani yasiyolimwa yanaweza kuingia kwenye hesabu za kijiji. Kando ya Ziwa Baringo, Kenya, mradi ulioanza mwaka 1982 ulipanda nyasi za asili kwenye ardhi iliyokuwa imebaki kama sakafu, na wenye vipande hivyo wakauza malisho, majani ya kuezekea na mbegu. Huko Kuku, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, wanawake wa Kimaasai huendesha mashamba ya nyasi, wakivuna mbegu na kuuza marobota ya majani makavu. Nasi hatuna haja ya kujifanya tumegundua kitu. Wasukuma wana ngitili, majani yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, na kuanzia mwaka 1986 mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga uliujenga upya utaratibu huo hadi ukafikia mamia ya maelfu ya hekta. Wamaasai wana olopololi kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Kiangazi kikikaza Arusha, majani hutafutwa kwa pikipiki na pikapu, na anayeyauza hana haja ya kutangaza.

Kwa walio upande wa mti sina ugomvi, ila mmoja. Tanzania imeahidi kurejesha uoto kwenye hekta milioni 5.2 chini ya mpango wa Afrika uitwao AFR100, na ramani za dunia zinazoonyesha mahali pa kupanda miti mara nyingi huihesabu savana kama msitu uliopotea. Savana si msitu uliopotea. Tangu mwaka 2019, ramani maarufu ya aina hiyo ilipochapishwa, wanaikolojia wa nyika wamekuwa wakiipinga kwa nguvu, wakikumbusha kwamba kaboni ya nyasi hukaa zaidi udongoni, mahali ambapo moto hauifikii. Kupanda mikaratusi kwenye uwazi wa Momela ni kumwondoa kuro ili kumridhisha mhasibu wa kaboni aliye ng'ambo. Kwenye mteremko wa kusini na kando ya mito, pandeni miti mpaka mchoke.

Kazi yenyewe ni ya kawaida, yenye subira kidogo. Panikamu huoteshwa vizuri kwa kugawa mashina, maana mbegu zake nyingi ni kapi. Shina moja kubwa hutoa vipando vingi, vikatwe majani na kupandwa mvua ikiwa imeshika. Mbegu ya themeda ina mkia uliosokotwa ambao hujinyonga na kujinyoosha kadiri unyevu unavyobadilika, ukiisukuma mbegu ardhini kama inavyotakiwa, kwa hiyo haihitaji kufukiwa sana. Lakini mbegu mpya haioti mara moja. Inataka kukaa miezi kadhaa, hivyo inayovunwa baada ya masika ni ya kupandwa masika yanayofuata. Mahali palipoparara pachimbwe vijituta vya nusu duara vya kukamata maji. Mwaka wa kwanza shamba litaonekana kama magugu matupu na majirani watacheka. Gugu karoti ling'olewe kabla halijatoa maua, kwa mikono iliyovikwa glavu. Mwaka wa pili ndipo pa kukata, na panga liishie kiganja kimoja juu ya ardhi.

Linalobaki ni mbegu zitoke wapi. Kwenye malisho ya vijiji majani hayafikii kukomaa, na hilo ndilo tatizo tuliloanza nalo. Mbegu zilizozoea udongo huu na baridi hii ziko ndani ya hifadhi, ambako sheria inakataza kung'oa au kutoa mmea bila ruhusa. Hifadhi za Taifa zingeweza kutoa ruhusa hiyo kwa vikundi vya wanawake wa Ngarenanyuki, waingie wakiongozana na askari, wakwanyue mbegu kwa mkono katika maeneo yaliyochaguliwa, sehemu ndogo tu, na kubwa waiachie ardhi na ndege. Lisiwe jambo la kuandikiana barua kwa miezi. Themeda ikishakomaa hukaa na mbegu zake kwa muda mfupi mno kabla ya kuzidondosha zote, na kibali kitakachosainiwa Agosti kwa maombi ya Mei kitakuta mashina matupu.